Risasi Zilizolowa Maji ya Chumvi: Moshi, 1915

Najua nimekaa kimya siku nyingi, na najua niliahidi kwamba makala inayofuata itahusu hifadhidata. Samahani, hifadhidata itasubiri. Kuna jambo limenishika wiki mbili hizi na naona sitapata usingizi mpaka niliandike.

Lilianza usiku mmoja hapa Kisauni. Stima ilikuwa imepotea toka magharibi, ikarudi saa tano, nami badala ya kulala nikakaa kutazama video za mashine. (Wenzangu wa fani hii mtanielewa. Kuna watu hutazama mpira, sisi hutazama mashine zikifunga chupa za soda.) Nikaangukia mashine ambayo sikuwahi kuiona maishani: mashine ya mezani ya kujazia upya maganda ya risasi, wanayotumia wapiga shabaha huko Marekani. Mtu anavuta mkono wa mashine mara moja, na risasi moja kamili inaanguka kwenye bakuli. Anavuta tena, inaanguka nyingine. Nikaitazama mara sita.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wenu: risasi moja ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Kitakoni mwa ganda kuna kikofia kidogo chenye dawa inayowaka ikigongwa. Wazee wetu wa magobori walikiita fataki, nami nitatumia neno hilo hilo. Ndani kuna baruti. Juu kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Ukishapiga, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa, lakini ganda limebaki, na ganda ndilo kitu cha maana. Unaweza kulijaza tena.

Sasa mashine zenyewe ziko za namna mbili kubwa. Ile rahisi hufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Unachukua maganda 100, yote unayatoa fataki kuukuu, kisha yote unayatia fataki mpya, kisha yote baruti, na kadhalika. Ya pili ni ya mfululizo. Ina sahani inayozunguka, na kila ukivuta mkono, kila ganda lililo juu ya sahani linasogea kituo kimoja. Kituo cha kwanza kinatoa fataki, kingine kinatia baruti, kingine kinakaza kichwa, vyote kwa pamoja. Kampuni ya Star ya Marekani ilikuwa nazo tangu miaka ya 1930, lakini aliyezifanya zienee majumbani ni Mike Dillon, aliyekuwa rubani wa ndege za abiria, kuanzia miaka ya 1970 na 1980. Mliosoma somo la tarakilishi chuoni mmeshaitambua: ndivyo kichakato kinavyoshughulikia amri, moja inasomwa wakati nyingine inatekelezwa.

Wakongwe wa mchezo huo wakiulizwa na mgeni anunue ipi, wengi humwambia aanze na ile rahisi, na sababu yao ni ile ile ambayo ningempa kijana anayeanza kuandika programu. Katika mashine rahisi kosa ni moja na unaliona. Katika ya mfululizo mambo matano yanatokea kwa mvuto mmoja. Kituo cha tatu kikikwama, ukasimama ukirekebisha, ukarudi, je, lile ganda la kituo cha pili lilikwisha kutiwa baruti au bado? Ukitia mara mbili, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Usipotia kabisa, fataki peke yake inasukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kinakwama humo, na risasi inayofuata ndiyo inayopasua mtutu. Kwa hiyo ukiisimamisha mashine hiyo katikati, kanuni ni kuondoa kila kilicho kwenye sahani na kukikagua upya. Mimi niliwahi kuandika programu ya kutuma malipo ambayo seva ikizimika katikati haikumbuki ilifika wapi. Tulilipa watu mara mbili. Hakuna mtutu uliopasuka, lakini bosi alipasuka.

Kabla mtu hajaniuliza zinauzwa wapi: hapa kwetu usithubutu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kujitengenezea risasi nyumbani bila leseni, na nchi hii ina kumbukumbu chungu na risasi. Wakati wa Hali ya Hatari kupatikana na risasi tu kulitosha kukupeleka kwenye kitanzi. Dedan Kimathi mwaka 1956 alihukumiwa kifo kwa bastola moja na risasi sita, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Leo risasi za Kenya hutengenezwa Eldoret, katika kiwanda cha serikali kilichojengwa na Wabelgiji na kuundiwa shirika lake mwaka 1997.

Lakini swali lililoninyima usingizi ni jingine. Je, kuna mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwetu, pwani hii, kwa wingi, na kwa shida ya kweli? Nikaanza kutafuta. Jibu lilikuwa jirani kuliko nilivyodhani.

Ukiingia Fort Jesus utaona mzinga uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Tulipelekwa pale na shule nikiwa darasa la sita, tukaupanda kama punda, mwalimu akatufukuza. Hakuna aliyetueleza ulifikaje. Basi manowari hiyo ilijificha katika mto Rufiji kuanzia Septemba 1914, ikazingirwa na Waingereza, na makaa yake ya mawe yakawa yanakwisha. Nchi kavu hali ya Wajerumani haikuwa nafuu. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na askari wachache, wengi wao wakiwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Ukipiga nayo mara moja, wingu la moshi linamwambia adui ulipo.

Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India. Likapitia Mombasa, likaenda kuishambulia Tanga, likapigwa vibaya. Wajerumani wakaokota mamia ya bunduki na risasi takriban nusu milioni. Mtu angedhani sasa wametosheka. Lakini Januari 1915 wakapigana Jasini, pale mpakani karibu na Vanga, wakashinda tena, na Lettow-Vorbeck akafanya hesabu. Mapigano yale ya siku mbili yalikula risasi 200,000. Kwa akiba aliyobaki nayo, aliandika baadaye katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920, angeweza kupigana vita vya namna hiyo mara tatu tu tena. Mara tatu! Mimi nikiona diski ya seva imebaki nafasi kidogo huanza kutokwa jasho. Huyu alikuwa amebakiza mapigano matatu na bahari yote imefungwa na manowari za Waingereza.

Hapo ndipo inapoingia meli ya Rubens. Ilikuwa meli ya Kiingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Wajerumani wakaipaka sura ya meli ya Denmark, wakaiita Kronborg, wakampa nahodha Carl Christiansen, wakaijaza makaa ya Königsberg, bunduki na mamilioni ya risasi. Ikaondoka Ujerumani Februari 1915, ikapita kaskazini mwa Uingereza, ikazunguka Afrika nzima. Aprili ikafika karibu na Tanga, na manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaanza kuifukuza. Hapa bahati iliingia: injini moja ya Hyacinth ikaharibika katikati ya mbio, na Rubens ikakimbilia ndani ya ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, kilomita mia na ushei tu kutoka hapa ninapoandikia.

Mizinga ilikuwa ikimfikia. Christiansen akafanya jambo ambalo nimelifikiria sana. Akafungua maji yaingie ndani ya meli, ili shehena isilipuke wala kuungua, kisha akawasha moto mkubwa juu ya sitaha ili Waingereza waamini kwamba meli imekwisha. Waliipanda, wakaona moto, wakaona maji, wakaondoka. Aliizamisha data yake ili asiipoteze. Baadaye shehena ikaopolewa siku baada ya siku, wapagazi wakaibeba mpaka reli.

Bunduki ukizisafisha na kuzipaka mafuta zinapona. Risasi ndizo zilizokuwa balaa, maana zilikuwa zimekaa ndani ya maji ya bahari.

Niacheni niingize jambo la kwangu. Mwaka jana simu yangu ilianguka majini pale Pirates. Nikafanya kama wote mnavyofanya, nikaizika ndani ya mchele siku tatu. Ikawaka, nikafurahi, baada ya wiki ikafa. Fundi mmoja wa Mwandoni aliifungua akanionyesha ndani: vijani vya kutu kila mahali. Akaniambia, "Kijana, adui yako si maji. Maji hukauka. Adui ni chumvi, haiendi popote."

Ndivyo ilivyokuwa kwa risasi zile. Kwa nje nyingi zilionekana nzima, lakini baruti na fataki zilikuwa zikiharibika ndani kwa ndani, na idadi ya zinazogoma ikawa inaongezeka. Basi ikaamuliwa zifunguliwe zote. Kazi ilifanyika Moshi, mwisho wa reli ya Usambara, kwa miezi kadhaa, na kila askari aliyepatikana akitiwa kwenye kazi hiyo. Kung'oa kichwa, kumwaga baruti, kuisafisha, penye haja kutoa fataki iliyoharibika na kutia nyingine kutoka akiba iliyokuwamo nchini, kurudisha baruti, kurudisha kichwa. Kisha inayofuata.

Nilipofika hapa swali langu la kwanza lilikuwa la kitoto: kama wangekuwa na ile mashine ya mfululizo? Nikalifikiria nikiwa kwenye matatu juu ya daraja la Nyali, msongamano umetuganda kama kawaida, na nikaona ingewasaidia kidogo sana. Mashine ile ina kasi kwa sababu vifaa vyote vinakuja vikiwa tayari: fataki mpya, baruti kavu. Moshi kilichochelewesha ni baruti kusafishwa na kukauka, na huwezi kukausha baruti ya risasi moja moja. Kazi hiyo kwa asili yake huenda kwa mafungu. Na fataki hazikuwa za kutosha kwa zote. Ungeweka hapo mashine ya haraka kuliko zote duniani, ingekaa ikingoja jua. Hili ndilo kosa tunalofanya kila siku: tunaongeza kasi pale panapopendeza badala ya pale panapokwama.

Lakini lililonivutia kuliko yote ni walivyozipanga baada ya kuzitengeneza. Lettow-Vorbeck anaeleza hivi, kwa maneno yangu. Zile risasi nzuri za zamani, ambazo hazikuingia majini, waliziweka kwa ajili ya bunduki za rashasha. Zile zilizotengenezwa upya, fungu ambalo kama asilimia 20 zilikuwa zinagoma liliwekwa kwa vita. Mafungu mabaya kuliko hayo yakawa ya mazoezi.

Asilimia 20! Niliposoma nikadhani nimekosea. Risasi moja katika kila tano haiwaki, na hiyo ndiyo ya kwenda nayo vitani. Nikachukua kalamu. Chukua bunduki ya Mauser, inabeba risasi 5. Uwezekano wa zote 5 kuwaka ni 0.8 kuzidisha mara tano, yaani kama asilimia 33. Kwa hiyo katika kila mijazo mitatu, miwili ina angalau risasi moja itakayogoma. Ni vibaya, lakini askari wa bunduki ya mkono ana dawa: anavuta komeo, risasi mbovu inaruka nje, anaendelea. Amepoteza sekunde mbili, na pengine uhai, lakini bunduki yake haijafa.

Bunduki ya rashasha ni habari nyingine. Ile ya Maxim hujiendesha kwa mrudisho wa risasi yenyewe. Risasi moja inaivutia inayofuata. Ikigoma moja tu, hakuna mrudisho, mashine inasimama, na mpigaji lazima aivute kwa mkono. Mkanda wake una risasi 250. Kwa asilimia 20 hiyo ni kusimama mara 50 katika mkanda mmoja, wastani wa kila risasi ya tano. Nikajaribu kwa asilimia 1 tu: uwezekano wa mkanda mzima kupita bila kusimama ni kama asilimia 8. Kwa maneno mengine, mfumo unaotegemea kila hatua iliyotangulia ndio unaohitaji malighafi safi kuliko yote, na mfumo ambao binadamu anaweza kuruka kosa na kuendelea unaweza kulishwa makombo. Hawa watu walikuwa wameyapanga hayo mwaka 1915, bila tarakilishi.

Tena asilimia yenyewe haipatikani kwa kutazama. Risasi nzima na risasi iliyokufa zina sura moja. Njia pekee ya kuijua risasi ni kuipiga, na ukishaipiga huna tena. Kwa hiyo unachukua chache kutoka kila fungu, unazipiga, unahesabu. Ukipiga 50 na 10 zikagoma, utasema ni asilimia 20, lakini kihesabu ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 11 na 33 hivi. Unataka uhakika zaidi? Piga 500. Lakini 500 hizo, 400 zilikuwa nzuri, na wewe ndiye uliyekuwa umebakiza mapigano matatu. Sisi watu wa programu hujaribu programu mara elfu na bado ipo. Sijawahi kuona kazi yetu ikiwa rahisi kama nilivyoiona siku hiyo.

Sasa niseme la moyoni, maana najua baadhi yenu mtaandika "jamaa alikuwa kichwa". Vitabu vingi vimemsifu Lettow-Vorbeck kwa kutoshindwa hadi mwisho. Mimi nimeisifu hesabu, sijamsifu mtu. Ile kazi ya Moshi, na meli ya pili iliyoitwa Marie iliyofika ghuba ya Sudi karibu na Lindi Machi 1916, ndizo zilizompa pumzi. Na pumzi hiyo ililipwa na nani? Vita vilisonga miaka mitatu mingine. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha wanavijiji na kuchukua wanaume wao. Ugogo kulikuwa na njaa iliyoitwa Mtunya, ikaua makumi ya maelfu. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa, hesabu rasmi zinasema zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaikaribia 100,000, wengi kwa kuhara na malaria, si kwa risasi. Nyanya yangu alikuwa akisema mjomba wa mamake alichukuliwa "kwenda Kariakoo" akabebe mizigo. Hakurudi, na hakuna barua iliyokuja. Yeye hakuuawa na risasi ya Moshi, sidhani. Lakini kama risasi zile zingebaki chini ya maji pale Manza, huenda asingekuwa na safari ndefu vile.

Halafu kuna wale waliokaa mezani. Kitabu kinawaita askari tu, hakuna jina hata moja. Miezi na miezi mtu anakaza fataki kwa mkono, akijua kwamba moja katika tano itagoma, na kwamba huenda akaja kukutana nayo porini yeye mwenyewe, adui yuko hatua hamsini. Mimi nikiweka programu yenye kasoro, anayeumia ni mteja wa Nairobi nisiyemjua. Najiuliza kama ningekuwa makini zaidi nikijua kwamba mteja ni mimi. Nadhani ndiyo, na jibu hilo halinipendezi.

Mwisho wa akiba yao ulikujaje? Kidogo kidogo walihamia risasi za adui. Novemba 1917 walivuka mto Ruvuma, wakaishambulia kambi ya Wareno pale Ngomano, wakapata bunduki za kutosha nusu ya jeshi na risasi 250,000, mpya, kavu, ndani ya masanduku. Tarehe 25 Novemba 1918 waliposalimisha silaha Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, bunduki zilizohesabiwa zilikuwa 1,071, za Kiingereza na Kireno, pamoja na risasi kama 208,000. Angalieni nambari hiyo ya mwisho na ile ya Jasini. Alimaliza vita vyote akiwa na risasi za kutosha Jasini moja tu tena.

Jumamosi nimepanga kwenda Fort Jesus kuutazama ule mzinga upya, safari hii bila kuupanda. Makala ya hifadhidata itakuja wiki ijayo, stima ikikaa.